Matanga ya Dirishani

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka bado nasikia harufu ya yale maharagwe. Ilikuwa enzi za korona, Sydney imefungwa, nami msichana mbichi niliyetoka Nakuru juzi tu. Nilikuwa nikilisha vikongwe katika makao ya wazee kule Penrith, nikirudi nalala mtaani kwetu Doonside. Na mdomo wangu, we acha tu, ulikuwa ukitangulia akili.

Jirani yetu Mama Furaha, mtu wa Uvira kule Kongo, alifiwa na mama yake huko nyumbani. Desturi yetu unaijua: mfiwa haachwi peke yake. Wanawake hutandika mikeka, hulala naye, humlazimisha kula. Sasa sheria ilikataza kuingia nyumba ya mtu, na yule mama akawa analia ndani peke yake, chakula hagusi. Tulihofia tungempoteza naye.

Nikabandika maharagwe, nikawapigia wenzangu simu: tuingie kwa mlango wa nyuma, polisi na waje! Nilijiona simba.

Njiani nikamkuta Baba Jerome kibarazani kwake, barakoa kidevuni. Huyu alikuwa amefundisha falsafa seminarini Bukavu kabla vita havijamleta huku, na kanisani kwetu ndiye aliyeamua magomvi. Nikamweleza safari yangu nikiwa nje ya uzio.

"Binti yangu, kesho asubuhi uko na kazi?"

"Ndiyo, baba. Nalisha wazee wangu."

"Basi ujasiri wako wa leo, watakaoulipia ni wao."

Nikakasirika. Nikamwambia haya, narudi kujifungia, Mama Furaha Mungu atamwona.

"Ee! Umeruka majivu, umekanyaga moto," akasema, akacheka.

Akanieleza taratibu, maana hakuwa mtu wa haraka. Wayunani wa kale walisema kila tabia njema imepakana na mbaya mbili, moja kila upande. Ujasiri umekaa kati ya woga na kujitupa hatarini ovyo. Wala si kugawa nusu kwa nusu kama mkate. Ni kutenda lipasalo, kwa mtu anayestahili, kwa wakati wake na namna yake. Tena walisema mtu huwa jasiri kwa kutenda ya ujasiri mpaka yawe mazoea. Wanazuoni wa Kiislamu wakayatafsiri maneno hayo na kuyapanua, wale wa Kanisa wakayaunganisha na imani yao, mpaka yakamfikia yeye Bukavu, kijana mwenye njaa anayesinzia darasani. Hapo nikacheka, hasira ikaniisha. Hata wahenga wetu walisema kawaida ni kama sheria.

"Dirisha analo?" akauliza.

Kutembea kwa miguu kuliruhusiwa, basi mimi na wenzangu tukagawana zamu za kukaa nje ya dirisha lake. Mimi wa kwanza: nikaweka sufuria mlangoni, nikarudi nyuma hadi ukingo wa barabara, nikaanza wimbo wa msiba. Mtaa mzima ulikuwa unachungulia. Mama Furaha akafungua dirisha kidogo.

"Uko peke yako?"

"Mwenzangu anakuja nikitoka. Na sitoki mpaka ule."

Akaichukua sufuria mlangoni, akauburuta mkeka wake hadi dirishani, akala huku akilia. Nami nikalia, barakoa ikaloa yote.

Tuliendelea hivyo, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka matanga yakaisha. Mwanzoni nilikuwa najisukuma kwenda. Baadaye nikitoka kazini miguu ilikata kona yenyewe.

Sasa wewe unaniambia rafiki yako amefiwa, hujui la kusema, basi umenyamaza. Unanijibu kwa Kiingereza, lakini najua Kiswahili changu kimekufika. Mwanangu, usijitupe motoni ili upate sifa, wala usijifiche kisha ukauita woga wako busara. Jiulize nani anahitaji nini, na nani ataumia ukikosea. Kisha nenda, na kesho nenda tena. Mungu akupe miguu inayojua njia ya kwa mfiwa, na siku yako ya kulia ikifika, ufungue dirisha ukute mtu.