Aliyefuta Sauti Bora Kuliko Zote

Habari za kifo chake nilizipata sokoni Marikiti, nikichagua ndimu. Hamali mmoja alitua gunia la nazi, akajifuta jasho, akaniambia, "Bi Karani ametutoka. Jana alfajiri." Kisha akaguna: "Na maneno yangu ya Kirabai hajanisomea! Alisema Ijumaa atarudi nimsahihishe." Tukajikuta tunacheka, maana mwanamke yule hakuwahi kuchukua neno la mtu bila kurudi kumsomea. "Ni lako hili?" angeuliza. Ukisema silo, alilikata kwa kalamu nyekundu mbele yako.

Alizaliwa Rabai, akawa karani wa ghala moja la Shimanzi kwa miaka mingi, na jina likamganda. Alipostaafu, alianza kukusanya lugha za pwani, Kirabai chake na Kimvita cha majirani, kwa ajili ya hazina ya sauti aliyoianzisha na walimu wachache. Mimi nilijiunga naye nikiwa na riwaya moja kichwani na haraka nyingi miguuni. Siku ya kwanza, katika nyumba moja ya Mji wa Kale, nilitoa kinasa sauti kabla hata bibi mwenye nyumba hajamaliza kutuuliza hali za nyumbani. Bi Karani akakirudisha mfukoni mwangu. "Leo tumekuja kuamkia tu," alininong'oneza. "Ukimtolea mtu mashine mapema atakusomea taarifa ya habari. Utarudi na Kiswahili cha redio, useme umepata Kimvita."

Tulipokwenda mara ya tatu alimweleza bibi yule sauti yake itawekwa wapi na nani ataisikia. Bibi akaridhia, na hapo ndipo tulipopata ile sauti. Alisimulia Idi moja ya ujana wake, yeye na mke mwenziwe kila mmoja alipokitia chumvi kwa siri chungu cha kuku wa kupaka cha mwenziwe, na mume wao akala vyungu vyote viwili kimya kimya, akinywa maji kama ngamia. Maneno ya jikoni yalimiminika, mengi hatukuwa nayo katika orodha yetu, na vijembe vilivyovishwa adabu hadi ukatamani uchomwe wewe. Bi Karani akamchezea rekodi yote aisikie, kama ilivyokuwa desturi yake. Bibi alicheka mpaka machozi. Kisha akasema, "Futa."

"Bibi, jina lako tutalificha," nikamsihi.

"Jina wataka kulificha, na sauti hii? Nikikohoa tu mtaa mzima wajua ni mimi. Mke mwenzangu yu hai, akaa mlango wa tatu. Mwenye kovu usidhani kapoa, mwanangu. Futa."

Bi Karani akafuta, bila hata kukunja uso. Nilihisi kama nimeona kitabu kikitiwa moto. Tulipofika kichochoroni akanigeukia: "Na ile iliyo kwenye simu yako." Sikujua kwamba aliiona. Nikamwambia ile ni akiba tu. "Akiba ya nani, nawe mwenyewe hujamwambia kama ipo? Lugha hii tutaiomba mlango kwa mlango. Mmoja akijua tumeiba, tutafungiwa yote." Akanirudisha ndani, nikaifuta mbele ya bibi, masikio yakiniwaka. Bibi akaniangalia kwa huruma. "Kumbe mwizi wangu ni huyu mpole! Mwanangu, wakaribishwa mkate, wewe waiba makombo?"

Baada ya wiki mbili bibi akatuita. Tulimkuta ameketi na bibi mwingine kwenye kitanda kimoja. "Huyu ndiye mke mwenzangu," akasema. "Nimemwambia kila kitu, hata kwamba mumefuta. Asema watu wanaojua kufuta waweza kuambiwa." Wakasimulia pamoja mbele ya kinasa sauti asubuhi nzima, na karibu kila sentensi ilikuwa na mgogoro wake. "Mwongo huyu! Chungu hicho hakikuwa cha Idi, kilikuwa cha arusi ya dada yangu!" Tuligundua kwamba masimulizi ya kwanza, yale niliyoyalilia, yalikuwa na makosa matatu.

Tulipomzika Bi Karani kwao Rabai, mabibi hao wawili walifika kwa gari moja, wakigombania kiti cha dirishani. Nilicheka msibani bila haya. Siku hizi mashine zinazojifunza kuongea zina njaa ya lugha zetu, nami nataka zilishwe. Nataka mjukuu wangu aiulize mashine kwa Kimvita, imjibu kwa Kimvita safi. Ila wengi wanaokuja kukusanya chakula hicho huja na fomu, huchukua saini, huondoka, na hakuna anayerudi kumsomea mtu maneno yake. Mimi nimebaki na funzo moja kutoka kwa karani wa ghala: ukitaka maneno ya mtu, mpe kwanza uwezo wa kukunyima, na siku atakapokunyima, ukubali mbele ya macho yake.