Mkasi wa Dirishani

Fundi cherehani tunayemwita Shangazi ana kiuno kinachouma mwaka nenda mwaka rudi. Zamani, siku kikitulia, alishona kutwa bila kunyanyuka, eti afidie siku zilizopotea. Kesho yake hata kugeuka kitandani ilikuwa kazi.

"Usisubiri maumivu yakuinue," mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia. "Inuka kabla."

Inuka kabla! Shangazi akishika nguo husahau hata chai. Basi akauhamishia mkasi dirishani, mbali na cherehani, ili kila akitaka kukata uzi anyanyuke aufuate. Kiuno hakikupona, lakini siku za kushinda kitandani zikapungua.

Tatizo likawa watu wema. "Shangazi, mkasi wako huu hapa, usijisumbue!"

"Rudisha ulikoutoa!" hufoka, na mteja wa watu akabaki mdomo wazi.

Mumewe ndiye aliyezidi. Kila akifagia chumba anaurudisha mezani, akinung'unika kwamba ameoa mwanamke asiye na mpangilio. Akielezwa, anacheka.

Jana mteja mmoja akausogeza tena. Kabla Shangazi hajafumbua mdomo, mumewe akaunyakua na kuurudisha dirishani.

"Huu unakaa huku," akasema, uso mkavu.

Shangazi akamtazama akirudi kitini taratibu, mkono gotini. Goti hilo limemsumbua tangu mvua zilipoanza. Na redio yake, ambayo haikuwahi kumtoka mapajani, ilikuwa inaimba juu ya kabati, kule mlangoni.

Shangazi akaenda akaipunguza sauti, ili mumewe ainuke kuiongeza.