Kiinua Mgongo Chini ya Kitanda

Siku ile kaka yangu mkubwa aliposimama kunidhamini, ilinipasa kumvuta koti aketi. Sikumvuta.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimeachishwa kazi katika kiwanda kimoja cha sabuni. Chama cha watu wa kwetu kilikutana mtaani Kaloleni kila Jumapili baada ya ibada, na kilimsaidia mwanachama asiye na kazi kwa posho ya unga na kodi ya chumba. Masharti yalikuwa mawili. Aliyepewa kiinua mgongo na tajiri wake alikila hicho kwanza mpaka kiishe. Na aliyetafutiwa kazi akaikataa, alikatiwa posho papo hapo. Ilibidi mtu akudhamini, na kaka ndiye aliyekuwa mweka hazina.

"Huyu hakupewa hata kipande cha sabuni," aliwaambia. Watu wakacheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kumbe nilikuwa nimepewa, na kiinua mgongo chote kilikuwa kimeshageuka gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Nilikuwa nikiipiga chumbani kwangu Shauri Moyo, chini ya blanketi ili majirani wasisikie, nami humohumo ndani ya blanketi, jasho likinitiririka. Unga wa chama ulininenepesha hata suruali ikakataa kufungika.

Mwezi wa pili wa posho, mwenyekiti alibisha hodi akiwa na kaka. Mwenyekiti alikuwa fundi wa reli, mtu wa kujaza mlango. Nilivuta breki ya kusimamisha sahani, nikaisukuma gramafoni chini ya kitanda ikiwa wazi vilevile, nikajilaza na kuanza kuugua.

"Kijana, tumekupatia kazi," mwenyekiti alisema. "Ukarani wa ghala. Unaanza Jumatatu."

"Goti, mzee."

"Ni kazi ya kuketi."

"Kuketi ndiko kunakolikunja, mzee."

"Mwache kwanza apone," kaka akanitetea, maskini.

Mwenyekiti akashusha pumzi, akajitupa kitandani. Kitanda kikabonyea hadi karibu na sakafu, breki ikafyatuka. Chini yetu mwanamume akaanza kumwimbia mpenzi wake, gitaa likimfuata.

Tulimsikiliza ubeti mzima.

"Hilo goti," mwenyekiti aliuliza, "limejifunza gitaa lini?"

"Ni jirani, mzee."

Akainama, akachungulia. "Jirani yako amelala pabaya. Umemnunua kwa unga?"

Hapo nikasema yote. Mwenyekiti alicheka mpaka akajifuta machozi. Kaka hakucheka.

Posho ilikatwa na kazi akapewa mwingine. Hayo niliyastahimili. Lakini Jumapili iliyofuata kaka alirudisha funguo za sanduku la chama mbele ya watu wote, bila kuombwa, kwa sababu alikuwa amewaapia uongo wangu. Nilimwomba msamaha kwa mdomo, kwa barua na kupitia kwa mkewe. Tuliishi mji mmoja mpaka alipokufa, na hakuniita tena ndugu yake. Kwa ajili ya unga wa kila wiki, nilimpoteza kaka yangu.