Kwa nini gari la kale la mume wangu nimelipaka njano

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, ingawa nadhani humu hampo wengi. Mlio wadogo, marahaba, hata kama hamjaamkia.

Mimi ni bibi wa Mbozi, mkulima wa kahawa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zikigombana ziacheni zigombane, nyie someni habari.

Ninayoyasema yametokea hapa kwangu. Gari lenyewe liko uani, ukipita utaliona.

Baba Tumaini, mume wangu, ujanani alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Mzungu aliporudi kwao Ulaya alimwachia gari lake dogo. Siti mbili, milango miwili, paa la turubai la kukunja. Fupi, limeinama mbele kama linanusa barabara.

Tulitembea nalo sana. Siku uchungu wa Tumaini uliponishika tulikuwa Itaka, akanikimbiza hospitali ya Mbozi Mission paa likiwa wazi, huku mimi nampiga mgongoni kwa kila shimo analoingia.

Baadaye vipuri vikakosekana. Gari likaingia ghalani, juu yake tukapanga magunia.

Sasa miaka hii macho ya Baba Tumaini yakaanza kuondoka. Presha ya macho. Hospitali walisema kilichokwisha kupotea hakirudi, kilichobaki tupiganie kwa matone.

Yeye si mtu wa kulia. Jioni moja tu, tunapukuchua mahindi, akasema, "Ningepata kuliona likitoka pale ghalani, yaliyobaki yaende."

Hakurudia tena. Mimi nikawa nimesikia.

Nikampigia Tumaini, yuko Tunduma na biashara zake.

"Mama, ile ni skrepa. Kuna watu huku wanapima kwa kilo."

"Na baba yako nimpime kwa kilo?"

Sikumngoja ajibu.

"Wewe mwenyewe nusura uzaliwe kwenye hiyo skrepa. Niletee fundi."

Akamleta Fundi Nzunda, anayetengeneza malori pale mpakani. Mtu mzima, mcheshi kupita kiasi. Alipotoa magunia alikuta kuku wangu ameatamia kwenye siti ya dereva.

"Bibi, dereva yupo kazini."

Nikamwambia atasubiri. Kwetu kuku aliyeatamia haondolewi, hata kama umeleta fundi kutoka mbinguni. Akaanzia nyuma ya gari, polepole, kuku anamtazama.

Wapenda magari mtataka kujua kazi yenyewe. Injini ilikuwa imekwama, akaifungua yote. Breki zimeoza. Waya zimeliwa na panya. Chini kutu imetoboa mpaka unaona ardhi. Vipuri vingine vilitoka Nakonde kwa Wazambia, vingine alichonga mwenyewe. Gharama msiniulize, si habari ya leo.

Mimi kazi yangu ilikuwa paa. Cherehani ninayo, nikanunua turubai la pamba, nikapima, nikashona. Lilikaa vizuri sana, nikaringa.

Kosa langu, na mnaoshona sikieni: sikulilowesha kwanza. Mvua ya kwanza ikalinyeshea nje, likakauka, likajikunja. Likawa halifiki kwenye kioo cha mbele. Fundi akalivuta, akalivuta, akaniuliza kama nimemshonea mtoto wa gari.

Nikafumua, nianze upya. Yeye akaniambia, "Bibi, mzee alione hata bila paa."

Nikakataa. Nilitaka akiliona liwe zima, kama lilivyokuwa.

Hapo ndipo nilipokaribia kuharibu.

Maana kila nikishona, macho yanaondoka. Nikaanza kuona jambo. Nikivaa kitenge cha bluu nikasimama kwenye kahawa, ananipita bila kuniona. Nikivaa cha kijani, hivyo hivyo. Lakini nikivaa kile cha njano, anageuka tokea mbali, "Mama Tumaini, umeshachoka?"

Mimi si daktari. Nasema nilichokiona.

Gari lile asili yake ni kijani iliyokolea. Fundi alishanunua rangi, alishachanganya. Nikamwambia amwage.

"Bibi, gari la kale linarudishwa orijino! Ukilipaka njano umeliua."

"Aliyekuambia linarudishwa kwa ajili ya gari ni nani?"

 Akaenda kutafuta njano.

Paa nikaliacha hapo hapo kwenye cherehani, nusu.

Siku ya siku nikamketisha Baba Tumaini kwenye kigoda mbele ya ghala. Nikavaa kitenge changu cha njano ili anione vizuri, nikaingia ndani ya gari. Fundi na Tumaini wakalisukuma taratibu hadi juani.

Mzee akainuka. Mkono mbele, mdomo wazi.

"Naliona," akasema. "Mama Tumaini, naliona! Lakini wewe uko wapi? Wewe sikuoni."

Wakuu, njano ndani ya njano. Nilikuwa nimejificha bila kujua.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilishuka nikamshika mkono, nikauweka begani kwangu. "Nipo hapa. Panda."

Sasa, siti mbili. Tumaini akaingia kwenye usukani aendeshe, nikamwambia ashuke.

Usukani niliujua kwenye trekta la mjomba kabla sijaolewa. Gia ndizo zilinishinda. Nikampa mzee siti ya kushoto, fimbo ya gia iko mkononi kwake. Fundi akatuwashia injini; mimi nakanyaga klachi, yeye anaisikiliza injini, anabadilisha.

"Klachi," ananiambia. Nakanyaga. Gia inaingia laini, kama hajaiacha siku hata moja.

Tukaenda ndani ya shamba letu tu, mpaka mwisho wa kahawa. Barabarani hapana, leseni sina, msije mkanisema. Paa hakuna, upepo wote wetu. Kahawa ilikuwa imetoa maua, akayajua kwa pua kabla sijamwambia.

Siku hizi hata njano imepotea machoni mwake. Lakini kila jioni anauliza, "Mama Tumaini, tunabadilisha gia leo?" Basi tunakwenda.

Somo langu ni hili. Ukimtengenezea mtu kitu, mtazame mtu, usikitazame kitu. Na usingoje paa.

Wa orijino najua mnakuja na matusi. Njooni, nimelea wabishi kuliko nyie. Lakini anayejua turubai lisilojikunja aandike hapo chini, maana mvua zimekaza na mzee hakubali tukae ndani.