Makaa ya Maganda na Sufuria Yenye Kiraka

Bibi mwenye kisima alisoma mpaka darasa la saba, akalimaliza, na hakuna aliyeishi mtaa ule bila kulijua hilo. Kwa hiyo bwana maji wa serikali alipokuja kusema kisima kina risasi, madini ya sumu yasiyoonekana wala kuonjeka ndani ya maji, na kwamba kitafungwa, bibi alimkata kauli.

"Nimekunywa maji haya tangu nilipoolewa. Unaniona maiti?"

Mkwewe ndiye aliyemnyamazisha. "Mama, wewe umeshakomaa. Mjukuu wako ndiyo kwanza anaota meno."

Bibi akamtazama mtoto, akakubali kisima kitafutiwe dawa.

Dawa aliileta binti wa kaka yake, mfanyakazi wa maabara. Alichukua maganda ya machungwa kwa muuza juisi, akayakausha, akayachoma ndani ya debe lililofunikwa ili yawe makaa, si majivu, akayatia dawa ya maabara, akayaosha, kisha akayashindilia ndani ya pipa lenye bomba chini.

"Maji yapite polepole, shangazi. Risasi itanasa kwenye makaa. Tutapima yanayotoka. Yakifaulu, kisima hakifungwi."

"Maganda hayo sisi tulikuwa tunawapa mbuzi," bibi akasema. "Na mbuzi hawakujigamba."

Lakini siku ya kipimo roho ya bibi haikutulia. Maganda ya kuaminiwa hivihivi tu? Moto ndio aliouamini maisha yake yote. Akakinga maji bombani, akayainjika jikoni kwenye sufuria yake ya zamani, akayachemsha mpaka yakapungua nusu. Akajaza chupa ya maabara aliyoachiwa, akafunga kizibo, na mdomo wake pia.

Majibu yakaja: maji haya ni mabaya kuliko ya kisimani! Bwana maji akafika na mnyororo na kufuli, majirani nyuma yake na ndoo tupu.

"Nimekuaibisha, shangazi," yule binti akasema, macho yamemjaa machozi.

Bibi aliona aibu ya mwenzake ni nyepesi kuibeba. Angenyamaza tu, yangepita. Ila kufuli lilipolia ka! mjukuu akashtuka mgongoni kwa mama yake, na bibi naye akashtuka.

"Ngojeni kwanza. Yale maji... niliyachemsha kidogo."

"Kidogo?" binti akauliza.

"Mpaka nusu."

"Shangazi! Maji ndiyo yanayopaa, risasi inabaki palepale!"

"Sufuria gani hiyo, mama?" bwana maji akauliza. Ikaletwa. Akaigeuza, akagusa kiraka kilichong'aa katikati ya kitako. "Na hiki?"

"Ilitoboka. Fundi bati akaniziba."

"Kwa kitu gani?"

Bibi akafungua mdomo. Darasa la saba lote likamkimbia.

"Kwa... risasi."

Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa muuza juisi. Bibi akanuna, akajikaza, mwisho akashindwa. "Jamani! Binti kaichuja kwa jasho, mimi nikairudisha kwa bidii!"

Bwana maji akakinga maji kwa mkono wake mwenyewe, moja kwa moja kutoka bombani. Yakapimwa, yakafaulu. Akaondoka na kufuli lake, akiagiza makaa yabadilishwe kabla hayajachoka na maji yapimwe mara kwa mara.

Siku hizi kila anayekuja na ndoo husimuliwa kisa hicho na bibi mwenyewe, kabla hajauliza. Majirani wakiachiwa kukisimulia wao, watamfanya mjinga kuliko alivyokuwa, na hilo, kwa mtu aliyemaliza darasa la saba, halikubaliki.