Mama Feni na kompyuta iliyonyamaza mno

Mama Feni hawashi kompyuta ya mtu kabla hajainusa. Anafungua skrubu za nyuma, anavuta bamba la ubavuni, anasogeza pua kama mpishi anayefunua sufuria. Asubuhi hii ananusa mara moja tu, kisha anarudi kinyumenyume mpaka mgongo unagonga rafu. Bisibisi inamdondoka.

Mteja wake anacheka. Anadhani ameona panya.

Si panya. Ndani ya kasha la kompyuta kumebandikwa sponji ya manjano ya godoro, imekatwa kwa ustadi kufuata kila kona, imeshikishwa kwa gundi ya viatu. Iko juu, chini, ubavuni, hata kuizunguka pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa viungo vyote. Mashine imefunikwa gubigubi kama mgonjwa wa homa.

"Nani kakufanyia hivi, mdogo wangu?"

Mteja, mhudumu wa kituo cha mafuta aliyetoka zamu na shati la kazi bado mwilini, anaelekeza kwa kidevu upande wa pili wa korido. Milango miwili kutoka hapo yupo fundi anayeitwa Kimya, kwa sababu ndicho anachouza: kompyuta za gemu zisizo na kelele, kwa bei ya kutupa.

Mtu wa mafuta anaishi chumba kimoja na mkewe na mtoto mchanga. Chumba kina mlango mmoja na dirisha lenye nondo. Anapenda gemu za mbio za magari, na muda wake wa kucheza ni pale mtoto anapolala. Kompyuta yake ya zamani ilinguruma kama mashine ya kusaga, mtoto akawa halali, mke akamwambia achague nani atoke nje, yeye au hilo dude. Akajibana, akanunua ya Kimya. Leo ameileta kwa Mama Feni kwa jambo moja tu, kufungiwa kadi ya picha yenye nguvu zaidi aliyouziwa na mwenzake wa kazini.

"Nifungie hii tu, mama, nikalale," anasema.

Kadi yenye nguvu ni joto zaidi. Mama Feni anaitazama kadi, kisha anaitazama sponji.

Wapo watakaosoma hapa na kuuliza mtu wa pampu anataka gemu za nini. Wajiulize kwanza wao jioni wanafanya nini. Aliyesimama kutwa akivuta mvuke wa petroli ya magari ya wenzake ana haki ya kuendesha gari lake, hata kama ni la kwenye kioo. Kinachotia uchungu ni kingine. Mwenye nazo ananunua utulivu dukani, umefungwa kwenye boksi na una dhamana. Asiye nazo anauziwa godoro.

Na magodoro Mama Feni anayajua.

Ujana wake uliishia kwenye kiwanda cha magodoro. Yeye na dada yake waliajiriwa mwezi uleule, dada akapangiwa chumba cha gundi, yeye chumba cha kushona. Mlango wa nyuma wa kiwanda ulikuwa na kufuli. Meneja alidai wafanyakazi wanaiba vipande vya sponji wakajazie mito. Kwa ajili ya mito ya maskini, mlango ukafungwa.

Siku kiwanda kilipoungua Mama Feni alichelewa, na msimamizi akamwacha nje ya geti kama adhabu. Ndiyo maana yuko hai.

"Kilichonishtua si moshi," anasimulia, macho yake yakiwa sakafuni. "Ni feni. Kulikuwa na feni kubwa za kutoa hewa, zinasikika mpaka barabarani, ukitaka kuongea lazima upaze sauti. Nikiwa pale getini zikanyamaza zote kwa mpigo. Ule ukimya ulinishika miguu kabla sijaona chochote."

Dada yake hakutoka. Waliokuwa naye hawakutoka. Ripoti ilisema chanzo ni hitilafu ya umeme, na shauri likaishia hapo. Umeme una makosa yake, lakini umeme hauna mkono wa kufunga kufuli. Rambirambi ya kampuni kwa kila familia iliyozika ilikuwa godoro jipya, bado limo kwenye nailoni. Mama yao alilitoa uani akaliacha linyeshewe mpaka likaoza. Mwenye kiwanda leo ana kingine, kikubwa kuliko kile, na tangazo lake linawaambia watu walale bila wasiwasi.

Mama Feni halali bila wasiwasi. Jiko nyumbani huwasha mumewe. Jokofu likikata mngurumo wake wa kawaida, yeye huamka, akakaa kitako gizani mpaka lingurume tena. Huyu mwoga wa kimya, riziki yake ni kuunda kompyuta za kimya.

Kazi hii hakuisomea. Alikuwa mfagiaji kwenye ghala la kompyuta kuukuu za maofisini. Wakampa blowa ya kupuliza vumbi kwenye feni, naye akazipuliza miaka hata akawa anasikia ipi imechoka na ipi itakufa wiki ijayo. Jina likatokea hapo. Sasa ana kibanda chake. Mwezi mzuri anaunda kompyuta tatu, na faida ya moja inaishia kwenye kodi.

"Siifungi hiyo kadi," anamwambia mteja. "Wala hii mashine usiirudishe mtoto alipo."

Mtu wa mafuta anakunja uso. Anasema basi ampe mzigo wake, Kimya ataifunga bila maneno.

"Wewe kazini ukimwona mtu anawasha sigara karibu na pampu, unamfanyaje?"

"Namfukuza."

"Na akikwambia huvuta hapo kila siku na hakuna kilichotokea?"

Jamaa anajikuna shingo. Anajibu kwamba pampu ni pampu, godoro ni godoro, watu wote wanalalia godoro na hawaungui. Mama Feni anamwambia godoro la kulalia halina jiko tumboni. Lakini maneno hayaingii, kwa sababu mtu ana usingizi na fedha ameshalipa. Anainama, anaikumbatia kompyuta yake, tayari kuondoka nayo.

Hapo Mama Feni anafanya jambo ambalo hajalifanya tangu siku ile ya geti. Anakata kipande cha sponji cha ukubwa wa kidole gumba, anachukua kopo tupu la maziwa na kiberiti cha jirani, anatoka mpaka kwenye ngazi za saruji nyuma ya jengo. Njiti ya kwanza inavunjika. Ya pili inawaka, naye anaipuliza mwenyewe kabla haijagusa sponji.

Ngazi zimeshajaa watu wa korido. Dada wa fotokopi yupo, muuza makava ya simu yupo, na Kimya mwenyewe anakuja, bisibisi iko nyuma ya sikio, kicheko kimetangulia.

"Dada mkubwa, biashara ikidoda tunaombeana, hatuchomeani," anasema, na watu wanacheka. Anaeleza kwamba muuza sponji alimhakikishia haishiki moto upesi, na kwamba hajawahi kuletewa hata malalamiko. Anatoa kiberiti chake cha gesi mfukoni. "Lete hapa. Watu waone fitina inavyoumbuka."

Anawasha yeye mwenyewe.

Sponji haikuungua kama karatasi. Ilinywea, ikawa uji, na uji ule ukalipuka moto uliopanda mara mbili ya urefu wa kopo, na moshi mweusi mzito ukatambaa ukutani kama kitu kinachotafuta mlango. Matone yaliyodondoka kwenye saruji yaliendelea kuwaka. Dada wa fotokopi alianza kukohoa. Mama Feni alikuwa ameshika nondo za ngazi, uso ameugeuzia ukuta, midomo inataja jina la mtu.

Moto ulipozimika, watu waligeuka kumtazama Kimya. Kimya alikuwa bado ameshika kiberiti, akitazama kopo.

"Yangu ya nyumbani nimeiacha imewashwa," alisema taratibu. "Inapakua gemu. Mama amelala mle mle, na miguu yake haimbebi."

Akaondoka mbio. Duka aliliacha wazi.

Hakuna saa ndefu kama ile unayomngojea mtu aliyekimbia namna hiyo. Simu yake ilikuwa mezani kwake, kila anayempigia anaisikia ikilia hapo hapo. Mtu wa mafuta, usingizi umemtoka wote, alikaa kwenye stuli akampigia mkewe kumwuliza mtoto ameamkaje, bila kumwambia kwa nini anauliza. Mama Feni alivaa glavu akaanza kubandua sponji kwa kisu butu, kila kipande akikizamisha kwenye ndoo ya maji. Kila pikipiki iliyopita alisimamisha kisu.

Karibu na adhuhuri Kimya akarudi, jasho limemlowesha, kompyuta yake ameikumbatia kama mtoto aliyeokotwa. Mama yake mzima, na amekasirika. Amemwuliza kama kilichomwingia ni wazimu au bangi, mtu kuvunja mlango achomoe waya bila hata salamu.

Kimya aliweka kasha mbele ya Mama Feni akalifungua. Sponji iliyozunguka pawasaplai haikuwa ya manjano tena. Ilikuwa kahawia, imekauka, kama mkate uliosahauliwa kwenye moto. Akaigusa kwa ukucha ikamomonyoka.

"Ilikuwa imeanza," alisema.

"Ilikuwa imeanza zamani," Mama Feni alimjibu. "Kaa hapa. Tuna kazi."

Ya kwanza ilikuwa ya mtu wa mafuta, kwa vifaa vilivyobaki na fedha Kimya alizomrudishia. Mama Feni alimwambia auze ile kadi kubwa. Badala yake atafute ya kati, ya kizazi kilichopita, inayokula umeme kidogo, kwa sababu kelele ya feni huletwa na joto, na joto huletwa na ulafi. Kilichookolewa hapo chote kiende kwenye pawasaplai nzuri, yenye nguvu kuliko inayohitajika, ili isiheme juujuu. Akamwonyesha ile ya zamani. Aliipasua, na ndani mkatoka kipande cha chuma kisichounganishwa na waya wowote, kimebandikwa tu ili kisanduku kiwe kizito mkononi mwa mnunuzi. Kimya alikichukua akakipima uzito kiganjani. Yeye pia alikuwa ameuziwa uongo.

Kasha litakuwa lenye matundu mbele. Feni zitakuwa mbili, kubwa na za kuzunguka polepole, si ndogo sita zenye taa. Kila skrubu itakaa juu ya kipande cha tyubu ya baiskeli ili mtikisiko usifike kwenye bati.

"Kimya hakiletwi kwa kuziba," anasema Mama Feni. "Kinaletwa kwa kuacha hewa ipite. Wanaoziba wanaficha kitu."

Hapo alikuwa anasema juu ya kompyuta, na hakuwa anasema juu ya kompyuta tu.

Tangu siku hiyo Kimya anawapigia wateja wake mmoja baada ya mwingine. Wengine wanapokea, wanakuja wakigomba, wanabanduliwa sponji bure. Wengine wanakata simu, wanadhani anataka kuwauzia kitu. Namba nyingine hazipatikani, na hizo ndizo zinazomwamsha Mama Feni hata jokofu likiwa linanguruma. Anajua kwamba mahali fulani, kwenye chumba cha mlango mmoja, mtu anasifu mashine yake kwa kutosikika.

Mpango wao ni kupita majengo ya kupanga siku za mapumziko, na ndoo na visu butu, wakigonga milango. Mama Feni ana ombi jingine, ambalo mwenye jengo ameshalikataa mara mbili kwa kisingizio cha wezi: korido ile, yenye mlango mmoja tu wa kuelekea ngazini, itobolewe wa pili. Amesema atauliza tena. Safari hii hatakwenda peke yake, maana walioliona lile kopo wameahidi kwenda naye, na Kimya atalibeba yeye.

Mtu wa mafuta alirudi juzi kuchukua kompyuta yake. Ikawashwa, akatega sikio, akaridhika, kisha akasema bado kuna feni moja anaisikia, kwa mbali, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Akaomba ipunguzwe kidogo.

Mama Feni alikataa. Hiyo aliiacha makusudi.

"Mtoto atalala, ataizoea," alimwambia, mkono wake ukiwa bado juu ya bati. "Ninyi zoeeni kuisikia. Ikinyamaza, amkeni."