Bunduki ya Paa na Bunduki ya Pofu

Wiki iliyopita mjukuu wangu Shabani alikuja kunisalimu. Akaketi kwenye mkeka, mimi nachambua kisamvu, yeye akatoa simu yake akaanza kunionyesha bunduki. Ana kazi huko kusini, anawaendeshea gari wageni wanaokuja kuwinda kwa leseni. Nikaona bunduki nyeusi tii, nyingine za mbao iliyosuguliwa mpaka inang'aa, na risasi zimepangwa juu ya kitambaa, kuanzia ile nyembamba kama kalamu mpaka ile nene kama kidole gumba cha mguu. Anasema wageni wale hubishana kutwa nzima: ipi ya swala, ipi ya pofu, ipi inaweza kufanya kazi zote mbili.

"Haya, mke wangu," akaniambia, maana ndivyo tunavyotaniana, "wewe ungechukua ipi?"

"Kwanza niambie nani atashika kisu."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Bibi! Watu tunazungumza bunduki, wewe unaleta habari za kisu!"

Nikamwacha acheke. Shule mimi niliishia darasa la pili, na chuoni nilisoma juzuu chache. Lakini bunduki nazijua, mwenzangu. Nazijua kutoka jikoni, na jikoni hakuna bunduki inayoweza kukudanganya.

Kwetu Mkange, nilipokuwa mtoto, bunduki zilikuwa tatu na kila moja ilikuwa na jina lake. Gobori la babu mzaa mama liliitwa Kikongwe. Babu alipofariki likabaki kwa mjomba Omari, ambaye alilishindilia baruti kwa mbele na kutia chuma chochote alichookota. Raifo ya baba, yenye risasi nyembamba, iliitwa Sindano. Na jirani yetu Mzee Kibwana alikuwa na raifo nzito aliyoitumia kulinda mashamba dhidi ya nyati. Hiyo iliitwa Radi, na ikilia kuku wote wa kijiji walikuwa wanaingia mvunguni.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akipokea nyama. Jina lake Tatu binti Salum. Akikaa na mbuzi yake ya kukunia nazi pembeni na nyama mbele yake, alikuwa anaipapasa tu kwa vidole, anakwambia imeuawa na nani. Paa wa Kikongwe ilibidi umchambue kama mchele wenye mawe. Siku moja bibi aliinua kijiko kutoka kwenye mchuzi akaita, "Omari! Nimepata kufuli lako huku. Ufunguo umeutia kwa paa gani?" Paa wa Radi ndiyo hasara kabisa, bega zima limevurugika, damu imeganda ndani ya nyama, nusu wanapewa mbwa. Paa wa Sindano alikuwa na kitundu kidogo tu, nyama safi, ukimpika kwa tui na ndimu unasahau kuongea.

Kwa hiyo bunduki ya paa tulikuwa tunaijua. Shida ilikuwa pofu. Pofu ni mnyama mkubwa kama fahali, ana ngozi inayoning'inia kooni na nyama ya kulisha harusi nzima. Ukimpiga Sindano vibaya, anaondoka nayo kama aliyechomwa na mwiba. Ukimpiga Radi, anaanguka, lakini huenda akafa kabla hujamfikia. Na kwetu sisi mnyama aliyekufa kabla ya kisu ni kibudu, hata awe amenona vipi. Wazee wetu katika hilo hawakuwa na mchezo. Risasi ni ya kumwangusha, kisu ndicho kinachomfanya awe chakula.

Sasa sikiliza. Shangazi yangu Mwanahawa, mdogo wa mwisho wa baba, alichumbiwa na kijana wa Miono. Wakapendana, mahari ikapokelewa, siku ikapangwa. Lakini kiangazi cha nyuma yake, kwenye hitima ya babu mzaa baba, Mzee Kibwana alikuwa amempiga kongoni kwa Radi, na kongoni akakata roho kabla ya kufikiwa. Nyama ile ilitupwa yote. Mimi mwenyewe niliona tai wakiishukia. Ila maneno hayatupwi kama nyama. Yakatembea mpaka Miono kwamba nyumba yetu inalisha wageni vibudu.

Mkwe mtarajiwa, baba wa kijana yule, akatuma mjumbe. Alisema kwa heshima sana, na heshima ile ndiyo ilikuwa inauma: "Tutakuja na watu wetu. Ila nyama tutakula ile tu atakayoichinja Mwalimu Haji kwa mkono wake." Hakusema kama haikupatikana itakuwaje. Shangazi hakuhitaji kuambiwa. Kuanzia siku hiyo akaacha kuimba akitwanga.

Mbuzi wetu mwaka ule walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa. Baba alikwenda kwa Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita afisa wa wanyama pori, akapata leseni ya pofu mmoja. Mmoja tu. Na Mwalimu Haji, aliyetufundisha sote Kurani, alikuwa mtu mnene, mwenye tumbo lililotangulia, na goti la kushoto lililomsumbua tangu ujana.

Wanaume wakakaa barazani. Sisi wanawake tuko uani, ukuta wa makuti kati yetu, tunasikia kila kitu.

"Pofu ni Radi," anasema Mzee Kibwana. "Sindano utakuwa unamkuna mgongo."

"Na Radi yako ikimwua palepale, kama yule kongoni?" baba akamuuliza.

"Si Mwalimu akimbie!"

Nadhani wote walikuwa wanamtazama Mwalimu, maana tulimsikia akisema, mdomo umejaa muhogo, "Msinitazame mimi. Mola hakunijalia miguu ya swala."

"Tutambeba mgongoni," akasema mjomba Omari.

"Wewe umbebe? Wewe ambaye kufuli tu limekushinda?" akadakia Mzee Kibwana.

Wakacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameegemea mchi, macho chini, na nikaona bibi anamtazama kwa muda. Kisha bibi akaweka chini ukili aliokuwa anasuka, akajitanda kanga, akatoka kwenda barazani.

"Shikamoo mama," wakasema wote, hata Mzee Kibwana.

"Marahaba. Nyie mnachagua bunduki kwa kumtazama mnyama," akawaambia. "Mtazameni Mwalimu. Mwalimu, baba, hebu simama. Kimbia mpaka kwenye ule mlimau."

"Mimi, mama?"

"Sasa nimwambie nani, Kibwana? Kibwana ndiye atakayechinja?"

Mwenzangu, Mwalimu Haji akapandisha kanzu, akakimbia. Watoto wa chuoni tulijibanza kwenye upenyo wa makuti tukiziba midomo, maana mtu aliyetushikia fimbo miaka yote alikuwa anayumba kama mtungi uliojaa maji. Bibi alikuwa anasoma Alhamdu polepole, midomo inacheza, akipima kwayo muda ambao roho ya mnyama inaweza kungoja kisu. Mwalimu alipoushika mlimau, bibi akanyamaza, akapima kwa macho.

"Basi umbali ni huo," akamwambia baba. "Usimpige mnyama aliye mbali kuliko hapo na mlimau. Chukua Sindano, umpige juu ya bega, pale shingo inapoanzia, akae kitako. Akikaa, roho bado anayo. Na Mwalimu awe nyuma yako, akuguse kisigino."

"Nitambae naye mpaka huko? Mama, pofu ana masikio na macho. Na kanzu nyeupe ile!"

"Nitampa kaniki yangu nyeusi."

Mjomba Omari akaanguka chini kwa kicheko. Mwalimu Haji ndani ya kaniki ya mwanamke! Lakini Mwalimu hakucheka. Alikuwa bado anahema, akasema, "Nipe, mama. Yule binti ni mwanafunzi wangu."

Mzee Kibwana akauliza kama na yeye anaruhusiwa kwenda, ikiwa mnyama atajeruhiwa na kukimbia. Bibi akasema Radi iende, lakini ifumbe mdomo.

Waliondoka baada ya swala ya alfajiri. Sisi tukabaki na kazi zetu, na hakuna aliyezifanya sawasawa. Bibi alinipa iliki na bizari nitwange, nikazitwanga mpaka zikawa vumbi. Majani ya migomba yalikuwa yameshakatwa, sufuria kubwa mbili zimeazimwa kwa majirani, kuni zimepangwa, na nyama haipo. Shangazi alifagia ua uleule tena na tena. Sote tulikuwa tunasikiliza.

Jua lilipokuwa limepanda kidogo ndipo tukasikia. Ta! Mlio mkavu, mmoja. Sindano.

Sasa tukangojea ule mwingine. Tungesikia Radi, maana yake pofu amejeruhiwa, anakimbia, na Mzee Kibwana amelazimika kummaliza. Maana yake kibudu. Shangazi akanishika mkono, akanibana mpaka pete yake ikaniumiza, nami sikumwambia aniache. Kuku wanaparua. Mtoto wa jirani analia, mama yake anamnyamazisha. Bibi amesimama katikati ya ua, kijiko mkononi, uso umeelekea mbugani.

Radi haikulia.

"Washa moto," bibi akasema.

"Mama, hatujui bado..."

"Washa moto, Mwanahawa."

Aliyetangulia kufika alikuwa Mwalimu Haji, amekaa nyuma kwenye baiskeli ya baba, mjomba Omari anaikokota. Kofia hana. Kaniki ameifunga kiunoni, na kanzu kuanzia kifuani mpaka magotini ina damu. Bibi hakumuuliza habari za safari. Alimuuliza neno moja tu.

"Iliruka?"

"Iliruka, mama. Damu mpaka machoni." Akaonyesha kanzu yake. "Alikuwa anapumua, na alinitazama. Nikasema bismillahi nikiwa nimemkalia shingoni."

Shangazi aliingia ndani, akafunga mlango. Tulimsikia akilia, halafu akicheka, halafu tena akilia.

Mengine tuliyapata kwa mjomba. Kwamba walitambaa kwenye majani mpaka magoti yakachubuka, Mwalimu akisoma nyuradi chini kwa chini mpaka baba akamwomba asome moyoni. Kwamba pofu alipokaa kitako, Mwalimu aliruka kabla hata moshi haujatawanyika, akampita baba, na lile goti bovu likasahaulika kabisa. Na Mzee Kibwana alikuwa na kidole kwenye Radi muda wote, jasho linamtoka, na hakufyatua. Hilo baba alilisimulia mpaka uzeeni, kwamba kazi ngumu kuliko zote siku ile aliifanya Kibwana.

Mwalimu alitaka kanzu ifuliwe haraka, kwani kwa damu ile asingeweza kuswali. Bibi akakataa. Akampa kanzu ya baba, ambaye alikuwa mfupi na mwembamba, kwa hiyo Mwalimu akafungisha ndoa ya shangazi vifundo na nusu ya miundi vikiwa nje, kifua kimebanwa kama mto uliojazwa pamba kupita kiasi. Ile ya damu bibi akaianika kwenye kamba, palepale penye njia ya kuingilia uani, wageni wote waione.

Wakwe wa Miono walipofika na ngoma zao, mkwe mkubwa alisimama mbele ya kanzu ile. Akaitazama. Akamtazama Mwalimu Haji na miundi yake. Sote tulikuwa tunamtazama yeye. Kisha akatoa viatu, akaingia, akaketi, akakunja mikono ya kanzu yake mwenyewe.

"Haya, tuleteeni sinia," akasema. "Tumetoka mbali, tuna njaa."

Shangazi Mwanahawa amezeekea Miono, amezaa huko, amezikwa huko, na hakuna mtu aliyewahi kumtupia neno la kibudu.

Leo ukienda Mkange huoni hayo. Kikongwe, Sindano na Radi zilirudishwa polisi, kila moja kwa wakati wake, wenyewe walipokuwa wakifariki. Wanyama waliobaki wako ndani ya hifadhi, na mimi naona ni sawa, kwa sababu wale wanaowafuata siku hizi na matochi na pikipiki hawakuomba kwa Bwana Nyama wala kwa Mwenyezi Mungu. Mlimau ulikatwa, pale pana kibanda cha kuchajia simu. Watoto wananunua kuku wa mfuko, hawajui alifumba macho kwa mkono wa nani. Nami sikai nikilia. Nimekula pofu wa harusi ile, ladha yake ninayo mpaka leo: iliki, tui zito, na moshi wa kuni za mkambala.

Haya yote nilimsimulia Shabani mpaka kisamvu kikaisha kuchambuliwa. Alikuwa ameshaweka simu kando. Akaniambia wageni wake wana darubini juu ya bunduki, wanampiga mnyama akiwa mbali sana, mdogo kama sisimizi, kisha wanapanda gari kwenda kumtazama.

"Na mkifika," nikamuuliza, "mnamkuta bado anapumua?"

Akafikiri. "Sijui, Bibi. Mimi huwa nabaki kwenye gari."

"Basi, mume wangu," nikamwambia, "hapo mimi siwezi kukuchagulia bunduki. Nipokee hii sinia, ukanitwangie kisamvu."